Masurufu Kabla ya Mkoba: Kijana na Safari Yake ya Kwanza ya Ng'ambo

  

Kila unapokaribia msimu wa vyuo vya nchi za Kiarabu kupokea wanafunzi wapya, ofisi yetu hupata wageni wa aina moja. Kijana amemaliza masomo ya sekondari, amehitimu madrasa, ana mkoba mgongoni na bahasha ya vyeti mkononi. Hajawahi kuvuka mpaka wa nchi yake, na safari hii ataifunga peke yake. Anachotaka kwetu ni tazkia, yaani barua ya kumshuhudia tabia yake na elimu yake. Ukimuuliza anaondoka lini, atakujibu: wiki ijayo, inshaallah. Ukimuuliza atafikia kwa nani, atakujibu: Allah atafungua njia.

Jibu hilo la mwisho ndilo tunalotaka kulizungumza katika tahariri hii. Ni jibu zuri likitoka kinywani mwa mtu aliyekwisha kumfunga ngamia wake. Likitoka kwa mtu ambaye hata kamba hana, ni jibu la hatari, tena huwa ni kisingizio cha uvivu kilichovishwa kanzu ya tawakkul.

Tunasema haya huku tukikiri kosa letu. Miaka michache iliyopita tulimwandikia tazkia kijana mmoja, miongoni mwa wanafunzi wetu wema kabisa. Baada ya swala ya Ijumaa tulipitisha mchango, waumini wakatoa kwa moyo mkunjufu, tiketi ya kwenda ikapatikana, tukamwombea dua na kumsindikiza kwa takbira. Hakuna hata mmoja kati yetu aliyemuuliza maswali matatu mepesi: Chuo kimekujibu kwa maandishi? Usiku wa kwanza utalala wapi? Ikishindikana, utarudi kwa nauli ipi? Alipofika huko alikuta usajili umekwisha kufungwa. Alikaa katika chumba kimoja na vijana wengine saba, viza yake ikamalizika, akawa anaogopa kutoka nje mchana. Alirudi kabla ya mwaka kutimia, kwa fedha alizokopa mama yake. Kilichotuumiza zaidi ni kwamba kwa muda mrefu hakuweza kuingia katika msikiti ule ule uliomchangia. Alijiona yeye ndiye aliyewaangusha waumini, ilhali sisi ndio tuliomwangusha yeye.

Wapo wanaodhani kuwa kujiandaa sana ni dalili ya imani haba. Hawa tunawakumbusha sababu ya kushuka sehemu ya aya ya 197 ya Suratul-Baqara. Imamu Bukhari amepokea kutoka kwa Ibn Abbas (r.a.) kuwa watu wa Yemen walikuwa wakienda kuhiji bila ya masurufu, wakijisifu kwamba wao ni wenye kumtegemea Mungu, kisha wakifika Makka huwaomba watu. Ndipo Allah (S.W.) akaamrisha watu wachukue masurufu, na akabainisha kuwa bora ya masurufu ni uchamungu. Na tuzingatie mpangilio wa maneno hayo. Uchamungu umetajwa kuwa ndio masurufu bora, lakini amri ya kuchukua chakula na nauli haikufutwa. Mwenye kuacha masurufu ya mkononi kwa madai ya kuwa na yale ya moyoni, mwisho wake ni kunyoosha mkono kwa watu, na kuombaomba si katika uchamungu.

Na ni nani mwenye tawakkul kuliko Mtume (s.a.w.)? Tuitazame Hijra yake. Abubakar (r.a.) aliwalisha ngamia wawili majani kwa muda wa miezi minne, akiingojea siku ile. Ilipofika idhini, Mtume (s.a.w.) alikubali kumchukua mmoja wao kwa sharti la kulipa thamani yake. Aliajiriwa mwongozaji hodari wa njia, Abdullah bin Urayqit, ambaye wakati huo alikuwa bado katika dini ya Makureshi, lakini akijulikana kwa uaminifu na ujuzi. Asmaa binti Abubakar alifunga mfuko wa chakula kwa kipande cha mshipi wake. Ndugu yake Abdullah alipewa kazi ya kuleta habari za mjini kila usiku, na Amir bin Fuhayra kazi ya kupitisha mbuzi ili wapate maziwa. Tena walianza kwa kuelekea upande wa kusini, kwenye pango la Thawr, ilhali Madina iko kaskazini. Usafiri, gharama, njia, chakula, habari na mwenza: yote yalipangwa. Kisha pale maadui waliposimama kwenye mdomo wa pango, mipango yote ikiwa imefika ukomo wake, ndipo tawakkul ikadhihiri kwa ukamilifu. Huo ndio utaratibu: fanya lililo katika uwezo wako, kisha mkabidhi Mola wako lililo nje ya uwezo wako.

Suala la pili ni hilo la kusafiri peke yake. Mtume (s.a.w.) ametahadharisha, katika hadithi iliyopokewa na Bukhari, kwamba lau watu wangelijua madhara ya upweke kama anavyoyajua yeye, hakuna mpandaji ambaye angetembea usiku peke yake. Na katika hadithi iliyopokewa na Abu Daud na Tirmidhi, amewahesabu watatu kuwa ndio msafara. Baadhi ya wanachuoni wa zama hizi wameeleza kuwa aliye katika ndege au basi lenye abiria wengi hayumo katika upweke unaokusudiwa. Maelezo hayo tunayaheshimu. Lakini tuulizane kwa uadilifu: upweke wa kijana wetu uko ndani ya ndege, au huanza pale anapotoka mlango wa uwanja, saa nane za usiku, katika mji wa watu mamilioni asiomjua hata mmoja? Huko ndiko shetani na matapeli humsubiri.

Mfano ulio karibu na suala hili ni wa Ibn Battuta. Aliondoka kwao Tangier mwaka 725 Hijria, sawa na 1325 Miladia, akiwa kijana wa miaka 21, peke yake, hana mwenza wala msafara. Kabla ya kufika Tunis alipatwa na homa kali hata akalazimika kujifunga kwa kilemba chake juu ya tandiko asije akaanguka. Alipoingia Tunis, wenyeji walitoka kuwalaki wale aliofuatana nao, wakawa wanasalimiana, na yeye hakuna aliyemsalimia. Akalia. Mmoja wa mahujaji alipoitambua hali yake akamsogelea na kumliwaza. Mtu huyu ndiye ambaye miaka sita baadaye, mnamo 1331, alifika Mombasa na Kilwa na kutuachia habari za miji yetu ambazo wanahistoria wanazitegemea mpaka leo.

Wengi huvutiwa na mwisho wa kisa chake na kusahau mwanzo. Msafiri mkubwa kuliko wote alilia kwa upweke katika mji wa ugeni, na kilichomtoa katika hali hiyo ni mambo mawili: alijiunga na msafara, na alikuwa na elimu ya fikihi ya Kimaliki aliyoisoma kwao. Alipotoka Tunis alikuwa amekwisha kuteuliwa kadhi wa msafara wa mahujaji. Hakwenda ng'ambo kutafuta kila kitu. Alikwenda na kitu.

Sasa tuje kwenye maandalizi yenyewe. Tutachukua mfano wa Cairo, kwa kuwa baadhi yetu tumesoma huko, na kwa kuwa ndio mji ambao vijana wengi wanaotujia huutaja kwanza.

La kwanza ni nia na ruhusa. Kijana ajiulize anakwenda kutafuta nini. Ikiwa ni elimu, aijue ni ipi na kwa muda gani. Ikiwa ni kuona ulimwengu, Qur'ani imetuhimiza kutembea katika ardhi na kuzingatia, lakini aseme hivyo waziwazi, asichangiwe na waumini kwa jina la elimu. Wazazi waridhie kwa kuelezwa ukweli, wala si kwa kuelezwa nusu yake. Madeni yalipwe au yaandikwe, na wasia uandikwe. Kijana naye hufa. Ama safari ya binti, suala la maharimu lina hukumu zake na wanachuoni wamelieleza kwa upana; mzazi asilichukulie kwa wepesi.

La pili ni karatasi. Hapa ndipo safari nyingi huharibika, na mara nyingi kwa sababu ya jina. Cheti cha kuzaliwa kimeandikwa Mohamedi, cha sekondari Mohammed, cha madrasa Muhammad, na pasipoti imefuata kimoja wapo. Kwetu sisi huyu ni mtu mmoja. Kwa karani wa ng'ambo hawa ni watu watatu. Marekebisho yafanyike hapa nyumbani, kwa hati ya kiapo na mamlaka zinazohusika, miezi kadhaa kabla ya safari. Vyeti vithibitishwe na wizara ya mambo ya nje na ubalozi wa nchi anayokwenda, na vifasiriwe kwa Kiarabu na mfasiri anayekubalika. Pasipoti ibakiwe na muda usiopungua miezi sita. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano iwepo, kwani nchi kadhaa huidai kwa wanaotoka upande wetu wa Afrika. Na tangu Julai 2016 chanjo moja huhesabiwa kuwa halali kwa maisha yote. Nakala za hati zote ziachwe kwa mzazi, na nyingine zihifadhiwe katika simu na barua pepe.

La tatu ni kukijua chuo kabla ya kukifikia. Al-Azhar, ambayo msikiti wake una zaidi ya miaka elfu moja, haipokei cheti chochote kile. Huangalia mu'adala, yaani kama cheti hicho kimekubaliwa kuwa sawa na cha maahadi zake. Mwenye cheti kisichotambuliwa huenda akatakiwa kuanza katika ngazi za maahadi kabla ya kufika kitivoni. Asiyekuwa na msingi wa lugha hupimwa kiwango chake na kupelekwa kwanza kwenye masomo ya Kiarabu kwa wasio Waarabu. Maana yake ni kwamba kijana anayehesabu miaka minne huenda akahitaji sita au saba. Hakuna aibu katika hilo. Aibu ni kulijua akiwa tayari amefika, nauli imekwisha, na nyumbani amekwisha kuaga kuwa atarudi baada ya miaka minne. Tena asiyesajiliwa huwa taabani katika suala la ukaazi, kwani ukaazi wa mwanafunzi hufuata usajili wake. Basi chuo kiulizwe chenyewe. Na atakayekuja kuuza nafasi ya ufadhili kwa fedha taslimu, kijana amwepuke, hata akija na ndevu na kanzu fupi. Ufadhili wa kweli hauuzwi barazani.

La nne ni fedha. Gharama zihesabiwe kwa bei za leo, si kwa simulizi za kaka aliyesoma miaka kumi iliyopita. Machi 2024 Misri iliacha sarafu yake ielee, na dola moja iliyokuwa takriban paundi 31 ikawa karibu paundi 50. Mwenye dola alidhani amepata, kisha akakuta kodi za nyumba na bei za vyakula nazo zinapanda. Hesabu iliyofanywa kwa bei za mwaka 2020 haimsaidii msafiri wa leo. Fedha zisikae mahali pamoja: nyingine mwilini, nyingine katika mkoba, na nyingine zibaki nyumbani kwa mtu mwaminifu. Nauli ya kurudi isiguswe kwa hali yoyote isipokuwa kurudi.

La tano ni mkoba wenyewe. Uwe mwepesi, ili auweze mwenyewe bila ya msaidizi. Lakini nguo nzito zisisahaulike, kwani katika usiku wa Januari, Cairo huweza kushuka hadi nyuzi 10 au chini yake, na mtu wa pwani yetu asiye na blanketi hataisahau. Dawa ziwe na karatasi ya daktari. Dawa kali za maumivu kama tramadol zimedhibitiwa na sheria za Misri, na kutojua si udhuru mbele ya askari. Na tunasisitiza kwa nguvu zote: kijana asibebe mzigo wa mtu mwingine asioufungua na kuukagua kwa macho yake, hata kama mwenye mzigo ni jirani wa msikitini, hata kama unasemwa kuwa ni zawadi ya mgonjwa. Katika mzigo wa namna hiyo huweza kufichwa madawa ya kulevya, na zipo nchi ambazo adhabu yake ni kifo.

La sita ni ulimi na ibada. Mwanafunzi aliyehifadhi Ajurrumiyya na kuzijua i'rabu zake atashangaa asipomwelewa dereva wa basi dogo la Cairo. Huko mitaani jim hutamkwa kama ga, na qaf mara nyingi hugeuzwa hamza. Asivunjike moyo wala asiwadharau watu kwa lahaja yao; ajifunze maneno ya sokoni kama alivyojifunza ya kitabuni. Na kabla ya kuondoka asome hukumu za swala ya msafiri: lini anapunguza, lini anakusanya, vipi ataswali ndani ya ndege. Ni ajabu kuona mtu anasafiri kutafuta dini na swala inampita angani kwa kutojua.

La saba, na ndilo zito zaidi, ni watu. Kabla ya kupanda ndege kijana awe amezungumza na mtu atakayempokea, amjue kwa jina na sura, na familia ya kila upande ijue. Akifika, jambo la kwanza ni kujiandikisha katika ubalozi wa nchi yake na kujitambulisha kwa wanafunzi wenzake. Funzo la hili tulilipata Aprili 2023. Khartoum ilikuwa kwa miaka mingi mji wa amani kwa wanafunzi wa Afrika Mashariki, hususan wale wa Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Afrika. Tarehe 15 ya mwezi huo, katika siku za mwisho za Ramadhani ya 1444, vita kati ya jeshi na Kikosi cha Msaada wa Haraka vilizuka ndani ya mji wenyewe. Wanafunzi waliokuwa wakisubiri futari walijikuta wakisikiliza mizinga. Wanafunzi wa Tanzania walitolewa kwa njia ya Ethiopia na kurudishwa nyumbani. Siku kama ile jambo la kwanza linalohitajika ni orodha: nani yuko wapi, na simu yake ni ipi. Asiyekuwa katika orodha yoyote, nani atakayemtafuta?

Baada ya kuwaambia vijana yaliyo juu yao, tuseme yaliyo juu yetu. Kuanzia msimu huu, hatutaandika tazkia kwa mtu anayeondoka wiki ijayo. Atakayeitaka aje miezi mitatu kabla, akae na walimu wawili waliokwisha kusafiri, na maswali yale matatu yajibiwe kwa karatasi, si kwa inshaallah peke yake. Pili, mchango wa msikiti hautakuwa wa tiketi ya kwenda tu; sehemu yake itawekwa kuwa nauli ya kurudi, na isipohitajika itamsubiri mwenzake. Tatu, tutajitahidi kuwakutanisha vijana wa miji mbalimbali wanaokwenda upande mmoja, ili watoke watatu kwa pamoja, wawe msafara kama alivyotuelekeza Mtume wetu (s.a.w.). Nne, tutafungua daftari la wasafiri, na kila mwezi mmoja wetu atapiga simu, si kuuliza matokeo ya mtihani bali kuuliza: umekula? Unaumwa? Unaswali na nani?

Na ikitokea kijana akarudi kabla ya muda, jamii impokee. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa safari ni kipande cha adhabu, humzuilia mtu chakula chake na usingizi wake, na akatuhimiza kurudi haraka kwa ahali zetu tunapokidhi haja. Hata Nabii Musa (a.s.), aliposafiri kutafuta elimu kama ilivyosimuliwa katika Suratul-Kahf, alichukua kijana wa kufuatana naye na chakula cha njiani, na alipochoka alisema kuwa amechoka. Ikiwa Mtume wa Allah hakuona haya kuutaja uchovu wake, kwa nini kijana wetu aone haya kuingia msikitini kwake?

Kijana yule tuliyemtaja mwanzo, alhamdulillah, sasa anafundisha watoto wa chekechea katika moja ya madrasa zetu. Tumemwomba awe mmoja wa wale walimu wawili watakaokaa na wasafiri, naye amekubali. Anajua maswali ambayo sisi hatukuyajua.

Wewe unayeifunga safari yako ya kwanza, tunamkabidhi Allah dini yako, amana yako na hatima ya amali zako. Chukua masurufu yako yote mawili, ya moyoni na ya mkononi, kisha ndipo uvae mkoba.

Wabillahi tawfiq.